Omena Kwenye Banda la Chai

Nilipoolewa huku mlimani, juu kidogo ya Nyaramba, sikujua kuchuma chai. Kwetu ni kando ya ziwa, na mikono yangu ilizoea samaki. Asubuhi ya kwanza mama mkwe alinifunga gunia kiunoni kuzuia umande, akanivika kapu mgongoni, akanionyesha: majani mawili na chipukizi, vunja kwa vidole, usivute. Jua lilipopanda kapu lake lilikuwa limejaa. Langu lilikuwa bado linaonyesha kitako.

Hakunicheka. Hata lugha ya kuchekana hatukuwa nayo. Yeye alikuwa na Ekegusii, mimi Dholuo, na katikati yetu Kiswahili, changu cha shule, chake cha sokoni.

Mume wangu alifanya kazi Keroka, akija mwisho wa wiki, kwa hiyo shambani tulikuwa wawili. Hapo ndipo aliponisimulia mlima wao. Alipoolewa yeye hapakuwa na hata shina moja la chai. Palikuwa na pareto, maua meupe kutoka barabarani hadi mtoni, na pareto ndiyo iliyosomesha watoto. Kisha malipo yakachelewa, yakachelewa tena, watu wakaing'oa.

"Mimi ndiye nilianza kupanda chai hapa," aliniambia. "Watu walisema, huyu atakula nini akingoja ikue?"

"Ulikula nini, Mama?"

"Ndizi. Asubuhi ndizi, jioni ndizi. Bwana yako alikua kwa ndizi."

Jioni tulipeleka majani kwenye banda la kupimia, tukangoja lori pamoja na wanawake wa kijiji kizima. Niliona wanavyorudi nyumbani wamechoka, mboga ile ile ikiwangoja. Nikawaza omena, dagaa wa kwetu ziwani.

Nilipomwambia mama mkwe kwamba nataka kuwauzia hapo bandani, alikunja uso. Hakuwa amekula samaki maishani mwake.

"Hiyo iko na macho," akasema. "Itaniangalia."

Hata hivyo nilikwenda kwetu, nikarudi na gunia, nikatandika omena kando ya banda. Wanawake walipita wameziba pua. Walisema maneno nisiyoyajua, wakacheka. Machozi yalinilenga, nikaanza kukunja gunia langu.

Mama mkwe aliliacha kapu lake kwenye foleni. Akaja, akaketi chini kando yangu, akachota omena kwa mkebe na kuanza kuita kwa Ekegusii, sauti juu. Akaja mmoja. Wakaja wengine.

Njiani kurudi nilimuuliza alikuwa akisema nini.

"Nilisema wewe ni msichana wangu. Na nilisema mimi nakula hii kila siku."

"Lakini Mama, hujawahi kuila!"

"Ndiyo maana utanipikia leo. Jumamosi ni Sabato, naenda kanisa, siwezi kwenda na uongo."

Nilizikaanga kwa nyanya na vitunguu vingi, nikamsongea ugali wa wimbi. Alifumba macho, akatafuna polepole. Nilisimama karibu na meko nikiwa nimeshika mwiko. Akameza. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Ongeza," akasema.

Sasa nina kibanda cha mabati pale, na kando yangu wanawake wengine wawili wanauza parachichi na nguo za mitumba. Pareto imebaki hadithini. Alasiri mama mkwe huja kuketi nami, leso magotini, akibishana na wateja wanaotaka nyongeza. Mwishowe huwaongezea yeye mwenyewe.