Lumbesa Mabegani

Jamani, kuna watu wamepewa filimbi kabla ya akili. Mwalimu wa mpira wa kikapu wa binti yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja Ikwiriri kifua mbele, na neno moja tu mdomoni: nguvu. Siku ya kwanza akawapanga watoto uwanjani, mipira akaifungia stoo.

"Nguvu kwanza," akasema. "Mpira baadaye."

Nguvu zenyewe zilikuwa magunia ya mchanga. Mimi nauza mpunga, lumbesa naijua: gunia likishajaa unaliongezea kilemba juu, unalifunga kamba, mnunuzi anafurahi na mbebaji anakoma. Basi yule bwana akataka watoto wa sekondari wabebe lumbesa mabegani, wachuchumae, wainuke, wachuchumae tena. Anayelalamika anaitwa legelege.

Binti yangu hakulalamika. Aliitaka timu ya wilaya kuliko alivyotaka kula, na uwezo alikuwa nao: akitupa mpira kutoka mbali, unaingia bila kugusa chuma. Nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, mbona mpira hawaushiki? Na huo mzigo si mkubwa kwao?"

Akacheka. "Mama, haya mambo ya kitaalamu. Tuachie wenyewe."

Utaalamu gani huo, ebo! Hata kuli wa stendi anapumzika Ijumaa. Nikarudi kwenye mpunga wangu, maana mtoto mwenyewe alinisihi nisimtie aibu.

Siku ya mchujo tukaenda Kibiti. Jana yake walibebeshwa tena, eti miili ichangamke. Binti yangu akapewa mpira. Wa kwanza haukufika hata kwenye chuma. Wa pili ukaangukia miguuni mwa wachaguzi. Wa tatu akaurusha kwa hasira, mikono miwili, kutoka tumboni, ukapita juu ya ubao mpaka barabarani. Na yule bwana, hana hata haya, akapiga makofi.

"Mmeziona nguvu hizo?"

Jina la binti yangu halikusomwa.

"Lakini nguvu anazo, Mama," mwalimu akaniambia tukiwa tunatoka.

"Mwalimu, mimi nilikupa mchezaji. Umenirudishia kuli."

Nikaondoka nimejaa, najiona nimemkomesha. Kwenye basi binti yangu akaanza kulia. Akainua mkono afute machozi, ukaishia kifuani, haupandi. Akajaribu wa pili, nao hivyo hivyo. Nikamfuta mimi, kwa ncha ya mtandio wangu.