Upepo wa Jua Ulionifedhehesha Kendu Bay

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa fizikia Kendu Bay. Siku moja nilibandika tangazo sokoni: "Upepo wa jua: kwa nini huongezeka na kupungua. Karibuni nyote." Akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni wakajaa darasani, nami nikavimba kichwa. Nikaeleza kwamba jua hujizungusha kwa karibu mwezi mmoja, na upande uleule ukitugeukia tena, upepo wake huvuma kwa nguvu na kupunguza miale itokayo anga za mbali.

Mama Akinyi, mwenyekiti wao, akasimama. "Asante, mwalimu. Sasa huo upepo ukifika, omena itakauka kwa siku ngapi?"

"Mama, huo upepo... haufiki huku chini."

"Ai! Na omena tumeacha nje!" akamaka, mvua ikianza kugonga mabati.