Spika ya Kati

Mama alitaka kitu kimoja tu: kujua kama yule mwanamume aliingia ndani ya nyumba au aligeuza gari akaenda zake. Mwanamume mwenyewe ni wa kwenye filamu. Baba alikuwa amesimamisha diski pale mtu huyo amekaa kwenye gari, mvua inanyesha, na mwanamke anamtazama kutoka dirishani. Akasema tutamalizia kesho. Akasema hivyo Ijumaa kadhaa, kila mara na sababu yake: umeme unayumba, kichwa kinauma, kesho kuna meza ya mtu ya kupiga vanishi. Halafu akaanguka katika karakana yake, kati ya mbao, na kesho ikaishia hapo.

Mimi nilikuwa bweni, Igunga. Nilipofika Tabora watu walikuwa wameshatoka makaburini, wananawa. Wote wakanitazama usoni wakisubiri nilie, maana mtoto anayejulikana kwa kuvunja watu mbavu akilia, watu wanapata cha kusimulia. Sikulia. Nikapewa chai, nikanywa, nikaomba sukari. Ndani mwangu mlikuwa na ganzi kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa mguu ukiunyoosha unaanza kuchoma. Huu wangu niliunyoosha, haukuchoma.

Likizo ilipofika, mama alikuwa bado yuko eda, hatoki. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Puge kukaa naye. Nyumba ikawa ya wanawake wawili, mimi, na mtambo wa baba.

Mtambo ni spika tano na sabufa, mali iliyotumika, iliyoletwa na lori kutoka Dar. Mwalimu wetu wa historia hachoki kutuambia kwamba misafara ya pembe za ndovu ilipita kwetu. Sawa. Siku hizi njia ileile inatuletea spika za watu walionunua spika nyingine. Ya kati ilifika sanduku lake limepasuka, na kwa kuwa baba alikuwa seremala, aliichongea sanduku jipya la mninga, zito kama jeneza la paka. Mgeni akiingia tu, kabla hajakaa, anaelezwa: za mbele ni muziki, za nyuma ni mvua na ndege na risasi, ya kati ndiyo ya maneno ya watu. Sabufa hakuielezea. Sabufa ilijieleza yenyewe kwa majirani.

Diski nzuri inabeba sauti zaidi ya moja, unachagua mwenyewe kwenye menyu. Ipo ya njia mbili, kushoto na kulia, basi. Halafu zipo mbili za kuzunguka chumba. Moja imebanwa sana ili ienee kwenye diski, na hiyo baba aliiita Iliyofunga. Nyingine haikubanwa sana, akaiita Iliyofuturu. Aliapa kwamba Iliyofuturu ni bora, na kwamba mtu asiyesikia tofauti akapimwe masikio. Nilimbishia kila likizo. Sikuwa na hoja yoyote, ila baba akibishiwa alikuwa anasimama, na baba akisimama suruali yake ilikuwa inashuka.

Alasiri moja mama akasema, "Mwanangu, niwekee ile filamu. Nijue tu kama aliingia."

Nikaiweka mwanzo, kwenye Iliyofuturu, tuipitie kidogo. Mvua ikanyesha nyuma ya kochi. Mlango wa gari ukafungwa mkono wa kushoto, hatua zikavuka chumba hadi kulia. Kisha mwanamume akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mwanamke akamjibu. Naye vilevile.

"Mume wangu," Bibi akaniita, "hawa ni mabubu?"

"Si mabubu, mke wangu. Wamekuona wewe wakaogopa."

"Waambie sing'ati. Meno yenyewe mawili, na hayakutani."

Nikahamia Iliyofunga. Mvua ipo, hatua zipo, watu wanachezesha midomo kama samaki. Nikahamia ya njia mbili. Hapo maneno yakatoka, Kiingereza kimenyooka, kushoto na kulia, lakini mvua yote ikaja mbele na kubanana kwenye runinga.

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo siyo."

Nikadhani anazungumzia mvua. Nikazima, yeye akaenda kuswali.

Nikafungua sanduku la mninga kutafuta waya ulioliwa na panya. Hakuna. Vumbi la randa tu, na alama za penseli za baba. Niliziangalia. Nilijua kuna kitu mtu anatakiwa akisikie moyoni hapo, nikasubiri kidogo, nikarudishia skrubu.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kuzilinganisha sauti. Kipande kilekile, mvua juu ya gari, mara kwa Iliyofunga, mara kwa Iliyofuturu. Kweli Iliyofuturu ilijaza chumba. Kisha nikagundua kwamba ilikuwa kubwa tu, inapiga kelele zaidi tangu kwenye diski. Nikaipunguza hadi ikalingana na mwenzake, nikafumba macho, nikarudia. Karibu tofauti yote ikaondoka. Ilibaki kidogo upande wa nyuma, matone yameachana zaidi, kama mvua ya bati na mvua ya bati lililopigiliwa vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nimemshinda baba. Nilikaa na ushindi wangu sebuleni. Sikuwa na mtu wa kumkera nao.

Ndipo nikaingia kwenye mipangilio ya amplifaya. Spika nyingine zote sauti zake zilikuwa nusu, zimelingana. Ya kati ilikuwa imeshushwa hadi chini kabisa.

"Nani kaishusha hii?" nikauliza.

"Baba yako," mama akajibu kutoka mlangoni. "Alikuwa hataki kupigana nao. Yeye ndiye aliyekuwa anasema."

Akanielezea, bila haraka. Kila Ijumaa baba aliketi kwenye kigoda pembeni ya sanduku la mninga, akawasemea watu wote, wanaume kwa wanawake, mpaka mbwa. Likizo zangu zilikuwa za ubishi wa sauti. Filamu za kutafsiriwa zilikuwa zao wawili, mimi nikiwa bweni. Mama hajui Kiingereza. Cha baba kilikuwa cha kwenye makopo ya vanishi.

"Sasa wewe si unasoma," mama akasema. "Sema wewe."

Alipokwenda kumsaidia Bibi na chai, nikapandisha spika ya kati kidogo, nikaweka sikio kwenye mbao, nikasikiliza mwanzo upya. Mwanamke alikuwa anauliza ni mume gani anaondoka bila kuaga. Nikashusha.

"Mama, hawa ni nani kwani?"

"Ndugu," alisema akiwa ameshika birika. "Dada na mdogo wake. Waligombania shamba la marehemu baba yao, mdogo akasafiri. Sasa amerudi."

Nikamtazama kuona kama ananitania. Uso wake siku hizo ulikuwa kama wangu, hausomeki.

Tukakaa. Mimi kwenye kigoda, Iliyofuturu kwenye mtambo. Nilimwonea aibu baba badala ya kumlilia: mtu mzima amebadilisha ndoa ya watu ikawa kesi ya shamba kwa sababu ya Kiingereza kibovu. Lakini nikaendelea na ndugu zake. Tukafika pale baba alipokuwa amesimamisha, na mwanamume akashuka kwenye gari. Matope yakalia nyuma yetu. Mlango ukafunguliwa.

"Kumbe aliingia," mama akasema polepole.

Alichotaka alikuwa amekipata, na ningezima hapo ningekuwa mtoto mwema. Sikuwahi kufikiria kuzima. Mwanamume akavua kofia, mwanamke akamshika shingo, wakabusiana mdomoni, na hawakuwa na haraka. Sebule nzima ikawa mvua tupu.

"Wanasalimiana," nikasema. "Wazungu. Kwao hivyo ndiyo shikamoo."

"Mume wangu," Bibi akasema, "usinifanye mtoto. Huyo ni mkewe. Nilijua tangu siku ile ya kwanza."

"Siku ipi?"

"Nilipokuja na mchele. Wakati ule sikuwa nimewahi kukaa na mkwe wangu sebule moja muda mrefu hivyo. Diski ikaanza, mwanamke akatokea na kanga, sijui taulo. Mkwe wangu jasho likamtoka. Mbele ya mama mkwe atasemaje, mpenzi, mpenzi? Akasema, huyu ni dada yake. Nikamwonea huruma. Nikasema, ehee, wanafanana."

Nikamgeukia mama. "Na wewe?"

"Hata mimi nilijua," mama akasema. "Akishasema ndugu, atarudije nyuma? Kila akifika hapo kwenye gari anazima. Nilikuwa namngoja tu nione atatokaje."

Kwa hiyo hakuwa amekosea neno. Wote watatu walikuwa wanajua, na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake njia apite. Mjinga nilikuwa mimi, mwenye Kiingereza. Nilitaka kuchekesha, kitu ambacho huwa sikitafuti, kinakuja chenyewe. Hakikuja. Nikachukua rimoti.

"Basi niwapandishie spika, nitafsiri kilichopo?"

"Usiiguse," mama akasema. "Wabaki ndugu."

Nikaiweka rimoti mezani. Kwenye runinga walikuwa wameachana, mwanamume anachezesha mdomo, maji yanamtiririka usoni, na pale kati, kwenye mninga, palikuwa kimya.

"Dada," nikasema, "nimechelewa. Njia ilikuwa na matope kuanzia Igunga."

Bibi akaguna. Mama alikuwa anatazama sanduku, mimi hakunitazama.

"Ongeza kidogo," akasema. "Sikusikii."

Rimoti ilikuwa mezani, mbele yangu. Nikaongeza sauti yangu.