Karatasi Iliyorudi Ukutani

Karatasi niliibandua mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaikunja nikaitia mfuko wa shati.

Dakika kumi baadaye nikaikuta ukutani. Pale pale. Neno lile lile, pini ile ile yenye kichwa chekundu.

Nikapapasa mfuko. Ya kwanza bado imo.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuamini mambo ya majini, lakini siku ile nilisoma dua kimoyomoyo mbele ya watu themanini.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Nafanya kazi ofisi ya serikali inayoshughulikia barabara za mitaa, mitaro na taa. Nilikuwa nasimamia ukurasa wetu wa mtandaoni: kuweka picha, kutoa matangazo, kujibu wananchi. Kazini wananiita Kidole, maana simu haibanduki mkononi.

Shida ilikuwa maoni. Ukiweka picha ya bosi anakata utepe, wananchi wanashuka na yao hapo chini. Mtaro umeziba. Taa zimekufa. Mmelala?

Bosi akisoma, presha inapanda. "Kidole, safisha hapo!"

Nikasafisha mpaka nikachoka. Halafu siku moja nikagundua kitu. Karibu kila lalamiko lilikuwa na neno moja.

Jamani.

"Jamani, taa." "Jamani, mtaro." "Hivi jamani mnatuonaje?"

Sasa, kwenye mipangilio ya ukurasa kuna sehemu ya maneno yaliyozuiwa. Watu huweka matusi humo. Mimi nikaongeza: jamani. Nikabonyeza hifadhi, nikaenda zangu kunywa chai.

Kesho yake ukurasa safi kama sahani ya mgeni. Maoni yaliyozuiwa yanaingia kwenye kisanduku chake, na kisanduku hicho sikuwahi kukifungua. Aliyeandika hajui kitu, maana kwenye simu yake anayaona kama kawaida.

Mwisho wa mwaka tukapewa cheti: ukurasa wa serikali wenye malalamiko machache kuliko yote. Picha yangu nimeshika cheti ikawekwa ukurasani. Watu wakanipongeza.

Isipokuwa dada yangu.

Huyu dada ndiye mama yangu. Mama alifariki nina miaka minne. Yeye akaacha shule, akakalia cherehani, akanilea mpaka nikavaa tai. Nikasubiri hongera yake siku nzima, wiki nzima. Kimya. Nikaweka moyoni. Nikasema kumbe hata damu yako inaweza kukuonea wivu.

Ndiyo maana alipopiga simu mwezi uliofuata, nilikuwa na langu rohoni.

"Mdogo wangu, hapa mbele ya banda langu wameiba mfuniko wa mtaro. Shimo liko wazi. Hebu waambie wenzako."

"Dada, mambo ya ofisi yana utaratibu. Andika kwenye ukurasa kama wananchi wengine."

"Haya."

Baada ya wiki tatu ikanyesha mvua, maji yakafunika barabara, dada akatumbukia. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili. Mguu anaokanyagia cherehani.

Nilifika hospitali nahema. Nikasema maneno niliyodhani ni ya faraja.

"Dada, pole sana. Wallahi hakuna mtu aliyetuandikia habari za shimo lile. Tungejua tungeliziba siku hiyo hiyo."

Akanitazama. Kisha akageukia ukutani.

Toka siku hiyo hakunisemesha. Miezi miwili! Nikipiga simu hapokei. Nikienda kwake naambiwa amelala, na redio naisikia. Nikajiuliza nimekosa nini, sipati jibu.

Katikati ya hayo bosi akaja na lake.

"Ofisi nyingine zinataka kujifunza kwetu. Andaa kongamano, mitandao ya kijamii katika kazi za serikali."

Nilikuwa nimesoma habari za mikutano inayoongozwa na washiriki wenyewe. Hakuna mgeni rasmi, hakuna hotuba. Unawapa ukuta mtupu. Mwenye jambo analiandika kwenye karatasi, anabandika, kisha anasimama kuliongoza. Usiponogewa na mazungumzo, unahamia kundi jingine.

Bosi akacheka. "Mkutano hauna ratiba? Huo mkutano au msiba?"

Nikambembeleza mpaka akakubali, ila kwa sharti. "Wananchi waje, sawa. Lakini ukutani ziwe karatasi zetu."

Basi nikakaa nikaandika karatasi kumi na mbili, nabadilisha mwandiko. "Siri ya ukurasa safi." "Namna ya kuongeza wafuasi." Nikawagawia wenzangu wabandike wajifanye yamewajia papo hapo. Naona aibu hata kusimulia.

Siku ikafika. Viti vya plastiki, maafisa wa ofisi mbalimbali, wananchi waliosoma tangazo letu la karibuni wote. Ukuta tuliuvika maboksi yaliyokunjuliwa, na karatasi zetu zikapanda kwa selotepu, moja baada ya nyingine.

Halafu nikaiona ile. Haikuwa na selotepu. Ilichomwa kwa pini.

JAMANI.

Neno hilo tu. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaibandua.

Yaliyofuata nimeshawaambia. Ilirudi. Nikaitoa tena. Nikaenda kumpokea bosi mlangoni, kugeuka nyuma, ya tatu hiyo hapo.

"Hiyo nini?" bosi akauliza.

"Aah, mtoto tu kachezea, bosi."

"Mtoto gani? Humu kuna mtoto?"

Sijajibu, muuguzi mmoja aliyekaa mstari wa mbele akadakia. "Aliyeandika hiyo asimame. Si ndiyo sheria mliyotusomea? Mimi hiyo ndiyo nataka kuisikia."

Ukumbi ukapokea. "Asimame! Asimame!"

Nyuma ya nguzo iliyo kando ya ukuta ule nikasikia gongo likigonga sakafu. Ko. Ko.

Alikuwa dada yangu.

Mkononi alishika karatasi nyingine, na kwenye kola ya gauni alichomeka pini zake, kama mafundi wanavyofanya, vichwa vyekundu vitupu. Nimekua naziokota pini hizo sakafuni, na sikuzitambua.

Hakunitazama. Aliwatazama watu.

"Mimi ni fundi cherehani. Shimo la mbele ya banda langu nililiandika kwenye ukurasa wa ofisi hii mara tatu. Mara tatu nimeita jamani, kimya. Nikatumbukia. Msimamizi wa ukurasa akaja kitandani kwangu akaniapia kwamba hakuna mtu aliyeandika." Akaegemea gongo. "Mguu utapona. Kinachoniuma ni kwamba huyo msimamizi nimemlea mimi."

Ukumbi ukaguna.

"Dada, sikuyaona!"

"Njoo uyaone."

Nikaenda. Akanipa simu yake. Yalikuwepo, matatu, kila moja na tarehe yake. "Jamani, kuna shimo wazi mbele ya banda la fundi, watoto wanapita hapa." Nikatoa simu yangu ya ofisi nikaiweka kando ya yake. Picha ile ile ya bosi. Kwenye yangu, chini yake patupu.

Hapo ndipo akili ikanifunguka.

Bosi alikuwa ameshafika sikioni. "Sema mtandao ulisumbua. Sema hivyo tu, mengine niachie mimi."

Na ilikuwa rahisi, nisiwafiche. Dada angeamini. Ningempata yeye, na kazi ningebaki nayo. Mdomo niliufungua kabisa niseme.

Lakini nilishamwapia uongo mara moja bila kujua. Mara ya pili ningekuwa najua.

Nikachomeka kompyuta kwenye projekta. Nikafungua orodha ya maneno yaliyozuiwa, ikajaa ukutani juu ya karatasi zetu. Tusi, tusi, tusi. Katikati ya matusi: jamani.

"Neno hili nililizuia mimi," nikasema. "Niliambiwa nisafishe, lakini neno nililichagua mwenyewe. Kila aliyeliandika, nilimficha."

Nikalifuta. Nikafungua kisanduku. Maoni elfu mbili na mia nne.

Watu walisogea wakaanza kusoma kwa sauti, kila mmoja akitafuta mtaa wake. Wa mitaro wakajikusanya huku, wa taa kule. Mkutano ukaanza kweli, na karatasi zetu kumi na mbili hakuna aliyezigusa. Mmoja akasoma, "Jamani, taa imewaka, Mungu awabariki." Kumbe hata shukrani tulizifungia humo! Bosi alisikia hiyo, akavuta kiti akakaa.

Dada alikuwa bado amesimama na gongo lake.

"Afadhali ungekuwa umenidanganya," akasema polepole. "Mwongo angalau amenisikia. Wewe umeniziba mdomo hata hujui ni mimi."

Nikarudi kwenye kompyuta ili nisimtazame usoni, nikawa nashuka tu na maoni, nashuka, mpaka nikafika siku ya picha ya cheti.

Lilikuwepo moja. Jina lake.

"Jamani! Si mdogo wangu huyu? Nilimbeba mgongoni huku nakanyaga cherehani. Mama angekuwepo leo! Hongera mwanangu. Nijibu basi, watu hapa bandani hawaamini kama nakujua."

Nililia mbele ya watu themanini. Sikuona haya.

Ukurasa nilinyang'anywa. Sasa niko masijala napanga mafaili. Shimo lilifunikwa baada ya siku tatu.

Dada hajanisamehe yote, na simlaumu. Mguu wake bado haujarudi sawa, kwa hiyo kila Jumamosi naenda bandani: yeye anaongoza kitambaa, mimi nakaa chini nakanyaga. Jumamosi iliyopita nikakanyaga kwa pupa, uzi ukakatika.

"Jamani, wewe! Taratibu!"

"Nimekusikia, dada," nikamjibu. Akacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu mvua ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuacha, nikaziba mdomo wa aliyeuona. Wewe uliyepewa ukurasa wa ofisi, au hata kundi dogo tu la simu, kifungue kisanduku chako leo hii usome. Humo ndani kuna mtu wako.