Jino la Mwanya na Maji ya Chumvi

Jino lililoniuma lilikuwa la mbele, la juu, moja ya yale mawili yanayofanya mwanya wangu. Lingekuwa la nyuma ningewaachia watu wa zahanati waling'oe siku ile ile, nikala upande mmoja kama wenzangu. Lakini mwanya ule nimeurithi kwa mama, na mama alikuwa amefariki Pangani mwaka uliotangulia bila kupigwa picha hata moja. Aliyetaka kumwona mama ilibidi anione mimi nikicheka. Bagamoyo, nilikohamishiwa kufundisha, hakuna aliyemjua, na mimi mwenyewe nilikuwa sicheki.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mkali, ambaye dawa yake kwa lolote la kinywani ilikuwa maji ya moto ya chumvi. Chumvi ilivunwa hapo hapo nje ya mji, basi hakuibania. Kila asubuhi aliniletea kikombe, nami nilisukutua mpaka ulimi ukakauka.

Zahanati yetu ilikuwa na koleo tu. Lakini kila Alhamisi alikuja daktari wa meno kutoka Dar, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Japani na kisanduku chake cha betri. Alinieleza kwamba jino laweza kubaki, mradi atoe uozo wote ndani ya mzizi kisha azibe. Shida ni kujua mzizi una urefu gani. Akiishia njiani uozo unabaki, akipitiliza anachoma nyama ya taya, na mashine ya eksirei hatukuwa nayo. Angelitoboa jino, atundike kindoano mdomoni mwangu na kuingiza sindano nyembamba ndani ya jino, vyote viwili vimeunganishwa kwa waya na kile kisanduku. Sindano ikigusa mwisho wa mzizi, mshale wa kisanduku ungefika kwenye alama.

Mshale uliruka sindano ikiwa bado mlangoni mwa jino. Akakausha kwa pamba, akarudia, ukaruka tena. Akaniuliza nimetia nini kinywani. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimesukutua maji ya chumvi, tena njia nzima, kikombe mkononi. Hakucheka. Alisema chumvi inapitisha umeme, na jino langu limejaa chumvi, kisanduku hakiwezi kujua kipi ni maji na kipi ni mimi. Aliliacha wazi litoe usaha, akaniagiza nirudi Alhamisi ijayo, nisisukutue ila kwa maji matupu. Kipimo kikishindwa tena, atang'oa.

Bibi alilipokea jambo hilo kama tusi. "Tangu lini chumvi ikamdhuru mtu wa pwani?" aliniuliza, kikombe kikifuka mkononi mwake. Nilikikataa. Kesho yake nikakikataa tena, na siku iliyofuata hakukileta. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kikombe kile kilikuwa kitu pekee nilicholetewa na mtu katika mji ule. Jino liliuma, lakini hilo liliniuma zaidi.

Alhamisi daktari alinishika kidevu nisitikisike. Hakuna aliyenishika uso tangu mama alipofariki. Machozi yakanijia pale pale kitini, mapumbavu, ambayo msibani yalikuwa yamekataa, yakaanza kuteremka kuelekea kwenye kindoano.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hayo nayo yana chumvi. Nivumilie kidogo."

Alinifuta kwa pamba. Nikakaza macho kwenye dari, nikihesabu moyoni majina ya wanafunzi wangu watoro, maana hasira huniokoa siku zote. Mshale ukasogea polepole, ukasimama kwenye alama. Akatoa sindano, akaipima kwa rula, akarudia kuhakikisha. Ikawa vile vile.

"Tumefika mwisho wa mzizi," alisema. "Sasa ukitaka kulia, lia."

Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kukauka. Akaendelea kulisafisha jino, akaliziba, akanionya kwamba jino limekufa na pengine litafifia rangi, ila litakaa mahali pake.

Nilirudi nyumbani adhuhuri. Nikasimama mbele ya kioo, mdomo umevimba, nikalazimisha kucheka. Mama akacheka. Ndipo nilipolia, kwa sauti, bila haya, na bibi alikuwa uani akipepeta mchele. Nilisikia ungo umenyamaza. Nikangoja aje na kikombe, kisha nikasikia ungo umeanza tena.