Katuni ya Kijapani ilishinda tuzo, mwenyewe hakutokea: ilivyobadilisha nyumba yetu hapa Toronto

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo theluji imenifungia ndani hapa North York, chai ipo, watoto wameshahama, basi nimeona nitoe hiki kisa ambacho wifi zangu wananiomba kila siku nikiandike.

Sitatia chumvi. Majina nimebadilisha ili nisipigiwe simu za lawama na ndugu zetu wa Pickering, ila mengine ni kama yalivyotokea na mimi nilikuwepo.

Tuanzie mwaka 2003. Tulikuwa na miaka michache tu Canada, mimi, mume wangu ambaye nitamwita Baba Neema, na watoto. Neema ndiye wa kwanza, alikuwa anakaribia kumaliza high school.

Huyu mtoto alikuwa anachora. Na siyo kuchora kwa kawaida. Alikuwa anachora mkono mmoja mara hamsini, kila karatasi mkono umesogea kidogo, halafu anazipeperusha haraka mkono unapunga. Nyumba ilijaa makaratasi mpaka chini ya kochi.

Kilichomtia wazimu ni filamu moja ya katuni ya Kijapani. Jina silitaji, wapenzi wa katuni mtaijua. Ni kisa cha binti na mizimu. Aliiona sinema na wenzake wa shule, akarudi nyumbani haongei. Nikadhani amegombana na mtu. Kumbe alikuwa ameamua maisha yake.

Akatuambia anataka kwenda chuo kusomea animation.

Baba Neema ni mtu mpole, hapandishi sauti. Akasema tu kwamba katuni ni za watoto wa chekechea, yeye hakuvuka bahari ili binti yake akachore panya. Neema atasoma nursing. Mazungumzo yakaishia hapo, na mtoto akawa anakula chakula chumbani kwake.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo letu, wakuu. Mimi niko katikati. Huku mume, huku mtoto, na wote wawili wanajibu kwamba wako sawa ukiwauliza.

Kanisani nako hawakunisaidia. Kuna mama mmoja wa kwaya, Mama Kulwa wa Parkdale, alisikia neno "mizimu" akaniambia nimwombee mtoto haraka. Akasema hizo katuni za Asia zina mapepo. Mimi nikaitikia amina, nikaenda kuchukua sambusa.

Sasa, Neema alikuwa na silaha moja: tuzo. Kila ile filamu ya Kijapani ikitajwa mahali, anakuja kuniambia jikoni. Mara imeshinda huko kwao Japani. Mara tamasha kubwa la Ulaya, ambako iliwekwa kundi moja na filamu za kawaida, za waigizaji wa kweli, na ikapata zawadi ya juu kabisa wakagawana na filamu nyingine. Alikuwa anaongea Kiingereza kitupu, anahema. Mimi nakaanga vitunguu nasema "eeh, hongera yao".

Nilielewa kwamba alikuwa anataka nimfikishie baba yake. Nikafikisha. Baba Neema akasema Ulaya wanatoa tuzo hata kwa jibini.

Ikafika siku ya zile tuzo kubwa za Marekani. Ilikuwa Jumapili, TV iko wazi, Baba Neema amekaa anakunja nguo zilizotoka kufuliwa. Neema amekaa chini kwenye zulia, amejikunyata. Ikaja sehemu ya katuni. Wakataja filamu ya Kijapani.

Neema aliruka. Mimi nilipiga kigelegele, niseme ukweli, hata sijui nilikuwa nashangilia nini.

Lakini hakuna mtu aliyepanda jukwaani. Yule aliyetangaza akasema mwenyewe hayupo, basi atapelekewa, watu wakapiga makofi, wakaendelea na mambo yao.

Baba Neema akaacha kukunja nguo. Akauliza, "Mwenye nayo yuko wapi?"

Neema akamwambia hajaja. Wengine walisema ni kwa sababu ya vita vya Iraq, wengine walisema mzee yule hapendi safari. Sisi wa North York tungejuaje.

"Sawa, yeye hajaja. Hana ndugu?"

Wakuu, mnaojua kwetu mtamwelewa. Kwetu mtu akitajwa mbele za watu hapokei peke yake. Hata cheti cha usafi shuleni, shangazi anatoka na kanga, mjomba anatoka anacheza, jirani naye yumo. Na kama mhusika hayupo, basi ndiyo kabisa, ukoo unasimama kumpokelea. Jina la mtu kuitwa halafu pakawa kimya ni jambo la kusikitisha. Sisi tunalihesabu kama msiba mdogo.

Baba Neema jambo hilo lilimkaa moyoni. Wiki nzima anauliza. "Mtu mzima kabisa, kazi yake imetajwa duniani, hata mpwa hakuwepo?" Alikuwa anamhurumia yule mzee wa Kijapani kana kwamba wamesoma wote.

DVD ilipotoka akainunua yeye mwenyewe. Nilidhani naota. Akaangalia mwanzo mpaka mwisho na Neema, yeye anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, hivyo hivyo walielewana. Ilipoisha akasema huyu mzee ni fundi. Lakini nursing iko pale pale.

(Mama Kulwa naye baada ya tuzo alikuja kuazima DVD. Kuhusu mapepo hakusema tena. Nilimpa, na kurudisha alichukua muda wake.)

Mwaka uliofuata Neema akapeleka katuni yake fupi kwenye shindano la vijana, hapa hapa mjini. Alikuwa ameichora yote kwa mkono. Ikachaguliwa kwenye tano za mwisho, na mshindi angetangazwa ukumbini.

Akaja kutuambia kwa sauti ya chini. Akasisitiza kwamba huenda asishinde, kwa hiyo tusijisumbue, yeye atapanda subway na rafiki yake.

Baba Neema akasikiliza vizuri. Akaelewa vizuri kabisa. Halafu akasema, "Wakikutaja je? Nani atakupokelea?"

Kesho yake alikuwa kwenye simu na dada yake, shangazi Eliza wa Pickering. Na mnajua shangazi ukimpa kazi. Kitenge cha kijani kikapatikana, sare ikashonwa kwa akina mama, wanaume mashati. Kanga mpya ya kumfunika mshindi ikanunuliwa.

Neema alipoona sare alikaa kitandani akafunika uso. Akaniambia, "Mom, please. No vigelegele." Nikamwahidi kwa niaba ya ukoo mzima. Najua, najua.

Siku yenyewe tuliingia ukumbini kama msafara wa harusi. Watu wazuri wa Toronto wamevaa makoti meusi, wamekaa kwa nafasi. Sisi tukajaza safu mbili. Neema alikuwa amekaa mbele yetu, shingo imezama mabegani.

Wakaonyesha katuni zote tano. Ya Neema ilikuwa ya bibi anayesuka ukili wa mkeka, na ule ukili unageuka barabara. Nililia kidogo. Nikamwangalia Baba Neema, ametoa macho tu.

Mama aliyeendesha shughuli akafungua bahasha. Akataja jina la binti mwingine. Nitamwita Kavitha, binti wa Kitamil wa Scarborough.

Nilimwona Neema akishusha pumzi. Shangazi Eliza akakunja ile kanga akairudisha kwenye pochi.

Lakini Kavitha hakutokea. Yule mama akarudia jina. Watu wakageuka geuka. Kimya. Akatabasamu, akasema basi tutamfikishia, akaiweka ile tuzo pembeni juu ya meza.

Nilisikia kiti kikilia. Nikajua kabla sijageuka.

Baba Neema amesimama. Akavuta shati lake la kijani, akatembea kwenda mbele, taratibu, mikono nyuma. Nikamwita kwa kunong'ona, hakugeuka. Na kwa vile kaka yake ametoka, shangazi Eliza naye akatoka. Akafuata Mama Kulwa, maana naye alikuwa ameshona sare. Wakafuata wengine, wale wanacheza kabisa. Na kigelegele cha kwanza, Mungu anisamehe, kilikuwa changu.

Yule mama wa jukwaani akamwuliza Baba Neema kwa upole kama yeye ni familia ya Kavitha.

Baba Neema akajibu kwa Kiingereza chake cha Morogoro, "Today, yes."

Ukumbi ulicheka, halafu ukapiga makofi, halafu ukaendelea kupiga. Akapewa. Akaishika kwa mikono miwili.

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ni Kavitha. Alikuwa ametoka kumpigia simu baba yake aje kumchukua akimaliza zamu ya teksi; mama naye yuko kazini, kwa hiyo alikuja peke yake. Akakuta ukoo wa watu wa kijani asiowajua wanacheza na tuzo yake.

Baba Neema alimfuata pale mlangoni. Akainama kidogo akampa, akamwambia tulikuwa tunamshikia tu. Yule mtoto akaanza kulia, na shangazi Eliza akawa amesimama na pochi yake, anamwangalia Neema. Kanga ilikuwa ya Neema.

Neema akainuka. Akaichukua ile kanga kwenye pochi, akaikunjua, akamfunika Kavitha mabegani. Wakakumbatiana pale, hawajuani.

Tukarudi nyumbani kwa barabara ya Don Valley. Nilikuwa naogopa mtoto amekasirika.

Baba Neema akauliza, "Ya yule mwenzako ilikuwa nzuri kuliko yako?"

Neema alikuwa na miaka hajatujibu kwa Kiswahili. Akasema, "Ilikuwa nzuri, baba. Lakini mimi naweza kufanya nzuri zaidi."

Tulikuwa tunatoka barabara kuu. Baba Neema akasema, "Basi kasome."

Alisoma, wakuu. Akaajiriwa studio moja hapa mjini. Miaka ya 2010 hivi ikatoka filamu ambayo na yeye alichora, yeye na mamia ya watu. Haikushinda kitu chochote kikubwa. Tukaenda kuiangalia sinema mchana, mimi na mzee wangu.

Ilipoisha watu wakaondoka. Sisi tukakaa tukisubiri majina. Ni mengi jamani, yanapanda tu, wafagiaji wameshaingia. Jina la Neema likatokea chini kabisa, kwa maandishi madogo.

Baba Neema akanipa koti lake. Akashuka ngazi mpaka mbele ya skrini, akasimama pale, mikono miwili mbele, mpaka jina likapita.

Kijana wa ufagio akamwuliza kama kuna tatizo. Akamjibu kwa Kiswahili, "Nampokelea mwanangu." Yule kijana akaitikia kwa kichwa akaendelea kufagia.

Yule mzee wa Kijapani miaka mingi baadaye huko huko Marekani waliita jina lake tena, wakampa tuzo ya heshima, na safari hii alikwenda mwenyewe. Tuliona kwenye mtandao. Baba Neema akapiga makofi sebuleni akasema sasa roho yake imetulia.

Nilichojifunza ni kwamba watoto wetu huku tunawasomesha, tunawavalisha, halafu siku jina lao likiitwa tuko shift. Huenda kazi yenyewe hatuielewi. Tuende hivyo hivyo. Wakituonea aibu ya kitenge, itaisha.

Haya, nimemaliza, chai nayo imepoa. Na wewe unayesoma, siku jina lako lilipoitwa, nani alisimama? Andika hapo chini, na mimi kigelegele changu kipo.