Udongo wa Kufunika Shimo

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, lori lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni petu Majengo na kumwaga udongo. Harufu iliingia ndani kabla mama hajafungua: majani yaliyooza, uyoga, ubaridi wa mahali pasipofikiwa na jua. Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, na anayetaka bustani hununua udongo kama anavyonunua makaa. Mama alikuwa ameungoja mwaka mzima. Dereva alimwambia umetoka Munigi, nje kidogo ya mji. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeutandaza nyuma ya nyumba, unene wa kiganja, na mama akapanda lengalenga, mchicha wa kwetu.

Baba alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, ndani ya hifadhi ya msitu, na alirudi nyumbani Jumamosi mbili kwa mwezi. Kampuni iliyochimba kasiteriti, madini ya bati, humo ilikuwa imeondoka na kuacha shimo la udongo mwekundu usioota hata nyasi. Kazi yake ilikuwa kulirudishia msitu. Alinieleza hatua kwa hatua: kusawazisha kingo, kutandaza udongo mweusi, kisha kupanda miche kabla mvua haijakolea. Huo mweusi waliukusanya kwa toroli kiangazi chote, wakaulundika kando ya barabara, ukisubiri lori la mkandarasi liupeleke shimoni. Bila huo, alisema, mche hauna cha kula. Mimi, msichana wa miaka kumi, nilikuwa na sehemu yangu: wakati wa likizo nilitengeneza vikopo vya miche kwa maganda ya mgomba, nikifunga kila kimoja kwa mafundo matatu, kwa kuwa mawili yalifunguka. Vilijazwa palepale kwenye lundo. Vilivyopasuka vilitupwa humo humo.

Jumamosi ile baba alifika akiwa na furaha. Njiani alikuwa ameona lundo limepungua, akaamini lori limeanza kazi hatimaye. Mama akamwonyesha bustani. Jirani yetu Mama Furaha, akiwa ameegemea ukuta, akamtania kwa jina langu: "Papa Masika, unaenda mbali kutafuta pori, na bibi yako amekuletea pori kwa nyumba." Baba alikuwa ameshainama. Alifukua kidogo, akatoa ganda la mgomba lenye mafundo matatu, akanitazama kwanza mimi, kisha mama.

"Udongo hii imetoka wapi?"

"Munigi. Dereva alisema Munigi."

"Munigi kuna mawe, mama. Hii ni ya shimo yangu."

Mama alitaka urudishwe siku hiyo hiyo. Lakini nyumba sita nyingine za njia yetu zilikuwa zimeshanunua, na lori la kuurudisha lilikuwa lile lile lililouiba. Kumshtaki dereva kulimaanisha kutaja wanunuzi, na wa kwanza alikuwa mke wa kapita. Baba alilirudisha ganda udongoni, akalifukia. Kisha akasema, "Masika, wewe hukuona kitu."

"Ndiyo, papa."

Jumatatu alirudi hifadhini na kupanda miche yote kwenye udongo mwekundu, kwa mistari iliyonyooka, akijua haitaishi. Kiangazi kilipofika ilikauka. Ripoti ilisema miche ilikuwa dhaifu, na mkandarasi akawaachisha kazi wote, baba akiwa wa kwanza. Hakuwahi kuonja lengalenga za bustani ile.

Baadaye nilijifundisha mambo ya udongo katika vitabu vya mitumba. Nilisoma kwamba unene wa kiganja hauumbiki katika maisha ya mtu mmoja. Mwaka jana nilipita pale: shimo liko wazi, limejaa maji mekundu, vijana wanachimba pembeni, na karibu na kibao kipya cha kurudisha msitu kuna miche mingine, imepandwa kwenye udongo ule ule mtupu. Majengo, bustani yetu bado inazaa. Baba amekufa. Nilimwuliza mama kwa nini siku ile hakununua kwa wauza udongo wa kawaida. Alinitajia tofauti ya bei papo hapo, maana hajaisahau hata siku moja. Alikuwa ameokoa zaire elfu moja na mia mbili za wakati ule.